Kidani cha Baba Ngoie

Kila aliyetimiza miaka sabini alipelekwa tanuruni, na siku ya tatu jamaa zake waliletewa kidani cha kobalti alichoingia nacho shingoni. Cha Baba Ngoie kilirudi kinang'aa kama kijiko kipya.

"Wamekiosha vizuri, mama," alisema binti yake, Ngoie, akifuta machozi.

"Wamekiosha, mwanangu," aliitikia Mama Ngoie.

Miaka thelathini alikuwa amefanya kazi ya kuyeyusha kobalti. Alijua fika kwamba hewa tupu haiibadilishi, moto huitia weusi, na moto mkali zaidi huipa ukijani. Rangi hizo hazitoki kwa sabuni.

Jioni, Ngoie alipokwisha kurudi kwake, alisonga bukari ya watu wawili huku akiimba, na mlango wa uani akauacha bila komeo.