Jiwe Juu ya Kifuniko

"Mtoto yangu nilizika mi mwenyewe," Ursula alimwambia mwanamke aliyetoka Kigoma akidai kuwa binti yake. "Kula kwanza, kisha uende."

Mwanamke akafunua sufuria. Maji yalitokota kwa fujo, lakini harage alilotafuna lilikuwa gumu kama kokoto.

"Kule ziwani yangekuwa yameshaiva, mama."

"Huku Itaba ni juu. Maji inachemka mbio, lakini moto yake ni kidogo."

Mgeni akainuka kama aliyetumwa. Akaokota jiwe bapa uani, akalifuta kwa khanga, akalilaza juu ya kifuniko ili mvuke usitoroke. Kisha akalipigapiga taratibu, kama mgongo wa kichanga.

"Ryama," akaliambia. Lala.

Naye tangu afike alikuwa akisema hajui Kirundi hata neno moja.

Mwiko ulimponyoka Ursula. Nyumba hii ilikuwa na mtoto mmoja tu aliyebembeleza jiwe la maharagwe. Wakati wa vita Ursula aliletewa mwili, akautambua kwa gauni la mtoto huyo, akauzika.

Aligeuza shingo polepole kutazama nyuma ya migomba, kwenye kaburi alilolipalilia miaka yote hii.

Basi yule aliyelala mle ni mtoto wa nani?