Kura ya Mama Kasa

Zamani hizo wanyama walipokuwa na serikali yao, kisiwa kimoja kidogo cha Pasifiki kilifanya uchaguzi wa rais. Bahari ilikuwa ikikimega kisiwa hicho mwaka hadi mwaka, na wote walitaka kiongozi wa kukinusuru.

Wagombea walikuwa Popo, mwenye maneno matamu, na Kaa wa minazi, mkali asiyependwa. Kila mnyama alisimama nyuma ya amtakaye, na pande zote mbili zikatoka sawa. Ikabaki kura ya Mama Kasa. Naye alimchukia Kaa, kwani huyo Kaa aliwahi kuwala wanawe walipokuwa wakikimbilia majini.

"Njoo kwangu, mama," Popo akasema. "Adui yako unamjua."

Mama Kasa akamuuliza, "Maji yakikifunika kisiwa, utalala wapi?"

"Usinihofie. Nina mbawa, nitahamia kisiwa kingine."

Mama Kasa akamgeukia Kaa. "Na wewe?"

Kaa akainamisha macho. "Mimi ni kaa wa nchi kavu, sijui kuogelea. Nitafia hapa hapa."

Mama Kasa aliwawaza wanawe. Kisha akajikokota hadi upande wa Kaa. Wanyama wakapigwa na butwaa.

"Umenisamehe?" Kaa akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijakusamehe, na huenda nisikusamehe kamwe. Nimemchagua asiye na pa kukimbilia."

Rais mpya hakuhutubia. Aliteremka ufukweni, akaanza kusukuma mawe kuzuia maji, na mmoja mmoja wanyama wakamfuata.