Kilio cha Nyamoita

Aliyelia kumshinda hata mjane alikuwa Bi Nyamoita, na waombolezaji wakatazamana. Si huyu marehemu Machogu ndiye aliyemtoa kwenye jumba la mawe akamtupa jikoni uani?

Jumba hilo la vigae vyekundu lilijengwa na baba mkwe wake, chifu wa enzi za ukoloni. Omosa, mwana wa kambo wa Nyamoita, aliliuza bila hata kumnong'oneza. Machogu, ambaye kutoka Ogembo hadi Nyamira hapakuwa na bonde asilolikata ploti, alinunua kwa sharti moja: kaburi la Alfayo, mumewe Nyamoita, lihamishwe kwanza.

"Usinichukie, mama," alimwambia siku mifupa ilipopelekwa makaburi ya mji. "Shamba lenye kaburi ni ng'ombe mfu. Nani atanunua?"

Akaishi humo miaka sita, akingoja bei ipande. Ilipopanda, akakubaliana na kampuni ya Nairobi: jumba libomolewe, zisimame fleti. Nyamoita akapewa mwezi mmoja awe ameondoka hata hapo jikoni.

Wiki ya pili Machogu akateleza bafuni. Hakuinuka.

"Tumzike makaburi ya mji," alisema Phanice, mjane, kwenye kikao cha mazishi. "Shamba la baba yake alishaliuza lote, na hapa ni pa biashara."

Nyamoita akasimama, leso mkononi.

"Makaburi ya mji? Mwanamume mzima wa Kigusii azikwe kama asiye na kwao? Mimi nina mtu wangu kule. Hakuna hata wa kumwamkia. Machogu amelala hapa miaka sita. Hapa ndipo kwake."

"Lakini huyu si alikutesa?" akauliza Mzee Onchiri.

"Nimesamehe, baba. Kinyongo hakipikiki kikaliwa na ugali."

Phanice akafungua mdomo. Wazee wakaguna kwa pamoja, ukajifunga wenyewe.

Nyamoita ndiye aliyewaonyesha wachimbaji mahali: mbele kabisa ya mlango mkubwa, ili kila aingiaye amsalimu mwenye mji. Akauza kuku wake wote akaleta saruji. "Mtu mkubwa hafunikwi udongo mtupu," alisema. Siku ya maziko mchungaji akamsahau marehemu, akahubiri juu ya moyo wa mama huyu mpaka watu wakalia upya.

Baada ya wiki tatu gari refu jeusi likaingia. Akashuka mwanamume wa suti kutoka ile kampuni ya Nairobi, na mkoba wa hati. Akatazama jumba. Akatazama saruji. Akarudi garini, gari likageuka.

Nyamoita alikuwa akimwagilia maua kaburini. Alingoja vumbi litulie, akaipapasa saruji kama mgongo wa mtoto.

"Hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Linda nyumba."