Kaburi Lisiguswe

"Hapa hapana kuchimba!" Emérence alijitupa juu ya kaburi la mume wake, mikono ameitandaza, kitenge chake cha matanga kimejaa udongo.

Askari wanne wenye mabeleshi walisimama. Nyuma yao alikuwa Komanda Kasika, mtu ambaye kijiji kizima cha Mbau kilimwogopa kwa sababu hakuwa na gereza: aliyemkosea hakufungwa, alizikwa.

Yote haya kwa ajili ya barabara! Vita vilikuwa havijaisha, lakini benki moja ya maendeleo ilikuwa imekwisha kutoa pesa. Si za kuijenga barabara ya Beni, jamani, ni za kuifikiria tu: kupima, kuuliza watu, kuchimba mashimo ya kuonja udongo. Na kamba ya wapimaji ilikuwa imepita juu ya kaburi la Salomon.

Kasika akasogea. "Salomon alikuwa shofere ya lori yangu. Asubuhi moja akatoka kambini, sikumuona tena. Halafu nasikia mulishamuzika. Hata kuniaga!"

"Kifo inaagaka nani, Komanda?"

"Muchimbe!"

Emérence aliogopa, tena sana. Wakilifungua kaburi lile mbele ya mtu huyu, amekwisha. Akalikumbatia kwa nguvu zote.

Phinées, kijana wa Butembo aliyeajiriwa na mradi kuangalia nyumba za watu, mashamba yao na wafu wao, akajitia katikati. "Komanda, hapana! Banki inakataza. Kaburi haiguswe mpaka wenyewe bakubali." Akamgeukia Emérence. "Mama, unakubali tumuhamishe papa? Tutalipa jeneza, na mbuzi ya matanga."

"Hata munipe ngombe kumi, sitaki. Mumuache alale."

Mtu anayekataa ng'ombe, nani atamwita mwongo? Askari mmoja alivua kofia yake.

Kasika akacheka kidogo. "We kijana, mimi njo nakulinda hapa."

"Najua, Komanda. Lakini bila ruhusa ya huyu mama, banki hailete kitu. Barabara imekufa. Na malori yako yatalala ndani ya matope kama mwaka jana."

Kasika aliyafikiria malori yake. Alimtazama mjane, akalitazama kaburi, akatema mate chini. "Basi. Kaburi ibaki."

Emérence aliangua kilio. Alimshika Phinées mikono yote miwili, akaibusu, akamwita mwanawe, akamwombea kwa Mungu apate mke mwema na watoto wengi. Phinées naye machozi yakamlengalenga. Miezi yote ya kutembea na karatasi za benki, leo ndipo alipoona zimemfaa mtu.

"Usilie, mama. Kazi yetu njo hii, kusikiliza batu."

Akaivuta kamba ya wapimaji pembeni, mpaka nyuma ya jiko la Emérence, palipokuwa na lundo kubwa la maganda ya maharagwe. Akapiga kigingi, akawapungia askari mkono.

"Basi tuchimbe hapa. Hapa hatusumbue mutu."

"Hapana pale!" Emérence alipiga ukelele, akainuka mbio, akajikwaa kwenye kitenge chake.

Beleshi la kwanza lilikuwa limekwisha kuzama. Maganda yakatikisika, mikono miwili ikachomoza juu, na Salomon akasema, "Musipige. Natoka."