Viatu vya Kushoto vya Bi Yun

Kiatu cha kumi na moja kilikuwa cha mguu wa kushoto, kama vile kumi vilivyotangulia. Gu Pil-jae alikikuta asubuhi mbele ya mlango wake, kimelazwa taratibu, hakina hata alama ya jino. Pembeni alikaa Dori, mbwa wake mweupe, masikio wima na kifua mbele, kama askari aliyemaliza zamu.

Pil-jae alikifuta kiatu kwa mkono wa koti, akashika njia ya kwa jirani.

Jirani huyo, Yun Mal-sun, alikuwa mjane aliyehamia kijijini mwaka uliopita kuitunza nyumba ya marehemu shangazi yake. Ulimi wake ulishajulikana nusu ya kisiwa cha Jindo. Pil-jae alimkuta amesimama kizingitini kwa mguu mmoja kama korongo, mkono ameshaunyoosha.

"Bwana Gu, watu husema mbwa wa Jindo hagusi kisicho chake. Huyu wako katokea wapi?"

"Ni wa hapahapa, Bi Yun. Nilimjua baba yake, nikamjua na babu yake."

"Basi wizi kaupata kwako."

Akaongeza kwamba kikipotea kingine atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mbwa atavushwa daraja kwenda bara.

Pil-jae alikuwa ameshajaribu kila njia. Aliongeza ukuta safu tatu za matofali. Dori akauruka kana kwamba anavuka mfereji. Alimkimbiza mlimani ili achoke. Aliyechoka ni Pil-jae. Alipomfunga mnyororo, mbwa aligoma kula siku mbili, na mama yake Pil-jae, Bi Ok-dan, kizee wa miaka themanini na mitatu, akaja juu. Alisema kumfunga mbwa wa namna ile ni dhambi. Kama Pil-jae ana mnyororo wa ziada, afadhali amfunge mdogo wake, Pil-su, ambaye hajawahi kuoa na kutwa nzima amelala mbele ya televisheni.

Mwishowe akamwita mwalimu wa mbwa kutoka mjini, mwanamke mmoja mkimya aitwaye Bi Tak.

Bi Tak alikaa uani nusu siku. Alimnyooshea Dori kipande cha nyama. Dori akageuza uso. Bi Tak akakiweka chini. Mbwa akatazama kwanza dirisha la jikoni, ambako Bi Ok-dan alikuwa akimenya vitunguu, ndipo akakila.

"Huyu mbwa ni wa nani?" Bi Tak aliuliza.

"Wangu. Mimi ndiye ninayemlisha."

"Kulisha si hoja. Mbwa hawa huchagua bwana mmoja, na uchaguzi ni wao wenyewe. Huyu hana tabia mbaya, Bwana Gu. Huyu ana kazi."

Pil-jae hakuelewa. Bi Tak akamshauri asimfukuze mbwa wala asimpokonye kiatu kwa nguvu, bali ampe kitu kingine wabadilishane. Na kwa jirani asiende mikono mitupu.

Basi kiatu cha kumi na mbili kilirudi kwao pamoja na fungu la vitunguu vya majani kutoka shambani kwa Pil-jae. Mal-sun alikuwa ameshafungua kinywa amseme, akakifunga, akapokea. Cha kumi na tatu kilirudi na mwani. Siku hiyo Mal-sun alimpa bakuli la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na bakuli la watu halirudishwi tupu. Cha kumi na sita kilimkuta Pil-jae akinywa chai sebuleni kwa Mal-sun. Kufikia cha ishirini alikuwa juu ya paa la Mal-sun akiziba panapovuja, na Mal-sun yuko chini anashikilia ngazi, akimwambia kwamba akianguka aangukie upande wa pili, upande huu kuna figili zake.

Pil-jae alianza kuchana nywele kabla ya kwenda kutazama kama kiatu kimekuja.

Halafu asubuhi moja hakukuwa na kiatu. Dori alikuwa amejilaza juani. Pil-jae alizunguka nyumba mara mbili, akachungulia hadi chini ya trekta. Alirudi kizingitini, akaketi, akamtazama mbwa kwa uchungu kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Geti likalia. Aliingia Mal-sun, amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika mkononi.

"Leo hakuja," alisema, uso umemwiva hadi masikioni. "Nikadhani labda anaumwa."

Walioana mwezi wa kumi. Kijiji kizima kilikula nyama ya nguruwe mpaka mafuta yakafika viwikoni, mwenyekiti akacheza hadi mkanda ukakatika, na Bi Tak akapewa kiti cha mbele, kwa kuwa tangu siku ile Dori hakugusa tena kiatu cha mtu. Kila mmoja alitaka namba yake ya simu. Yeye alicheka tu, akamwinamia Bi Ok-dan kwa heshima kubwa kuliko alivyowainamia maharusi. Pil-su alikula sahani tatu, akarudi kwenye televisheni yake.

Siku ya tatu ya ndoa, Mal-sun alifungua dirisha la jikoni apate hewa ya asubuhi. Mama mkwe wake alikuwa amechuchumaa uani, na Dori ameketi mbele yake, wima kama mshumaa. Mkono mmoja wa kizee ulikuwa na kipande cha samaki mkavu. Wa pili ulikuwa na glavu nyekundu, ile aliyoisahau arusini nesi mpya wa zahanati.

"Nusa vizuri," Bi Ok-dan alikuwa akimwambia. "Nyumba yenye bati la buluu. Chukua vya kushoto tu, na usitafune. Pil-su ana miaka hamsini na moja, mwanangu, na mimi sina muda."