Kiti Kimoja Kwenye Kamati

"Huyu simjui," Kemboi alisema, akaendelea kukoroga chai yake.

Kahiga alidhani anataniwa. Huko Burma alimbeba Kemboi mgongoni mchana kutwa, risasi imo pajani, na leo mtu mzima anaketi mezani kusema hamjui. Kweli asante ya punda ni mateke.

Ilikuwa Nakuru, mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, Wakikuyu wengi wakipigana na serikali msituni. Ilitangazwa kwamba inaundwa kamati ya kutunza askari waliorudi kutoka vitani. Kwa Kahiga, kiti kwenye kamati hiyo kilikuwa uhai. Mzungu mwenye shamba kule Subukia alikuwa amemwambia ahame, kama Wakikuyu wengine, na mjumbe wa kamati angepewa pasi. Akiipata, mkewe Wachuka na watoto wangebaki nyumbani kwao.

Masharti yalikuwa mawili. Mjumbe awe aliyeshika bunduki vitani, si mpishi wala dereva. Tena ashuhudiwe na mtu aliyepigana naye; Kahiga alimtaja Kemboi. Wakikuyu wenzake, Ngigi na Wanyoike, walikuwa wameshashuhudiwa na wenzao, wakapelekwa chumba cha ndani ati wakapewe chai. Tangu waingie, hata kikohozi hakikusikika.

Mwenyekiti, mzungu aliyesema Kiswahili polepole, alimtazama Kemboi. "Una hakika? Yeye anasema mlikuwa pamoja."

"Labda alikuwa mpishi mahali, effendi. Tazama hiyo mikono. Hiyo ni ya sufuria."

Polisi wa mlangoni alicheka. Kahiga aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kemboi, ndugu yangu, nina watoto," alisema. "Waonyeshe hilo kovu. Waambie ni nani alilifunga kwa shati lake."

"Makovu kila mtu anayo." Kemboi alimgeukia mwenyekiti. "Effendi, toa huyu mwongo. Anatupotezea wakati."

Polisi akamsukuma hadi barabarani. Kahiga alisimama ng'ambo, kando ya mtaro, akimlaani Kemboi na tumbo lililomzaa. Angemwambia nini Wachuka? Kwamba wanafunga mizigo kwa sababu rafiki amekula kiapo na shetani? Alibaki pale pale.

Lori la turubai lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa pembeni. Ngigi akatolewa kwanza, pingu mikononi. Wanyoike akafuata, damu ikimtoka puani. Wakarushwa ndani, na mwenyekiti akafunga turubai kwa mkono wake.

"Wakikuyu wanaojua bunduki ni hawa tu?" aliuliza.

"Ni hawa tu, effendi," alijibu Kemboi, aliyetoka nyuma yake. Kisha akamwona Kahiga ng'ambo ya barabara, akaokota jiwe, akamtupia kwa nguvu zake zote. "Nenda, mpishi wewe. Nenda."