Kilo za Mtu Mmoja

Kijana alipanda kwenye mizani akagoma kushuka.

"Nimeshasoma kilo zako, kaka," karani wa mizigo alimwambia. "Shuka, wenzako wanangoja."

"Sishuki. Niitie rubani."

Foleni nzima ikaguna. Kwenye ndege ndogo kama ile kila kitu hupimwa: abiria, kikapu, hata mtoto wa mgongoni. Na mizani ilikuwa hiyo hiyo moja, kwa hiyo aliyeikalia amewazibia wote njia. Mama mmoja mwenye kuku wawili alifyonya, akasema kama ni wazimu, akaufanyie kwao.

"Ndiko ninakokwenda," kijana alijibu. Shati lilimpwaya, na mkono mmoja ulikuwa umeshika tumbo kama mtu mwenye njaa.

Rubani alikuja akifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mtu wa kujitolea, na kwa jinsi alivyobishana na watu juu ya uzito wa mizigo yao, walishampachika jina: Bwana Kilo. Kiswahili alikijua, na matusi yake pia.

"Haya, kuna nini?"

"Mvua zilizopita," kijana alisema. "Ukuta wa ghala uliwaangukia watu wawili kijijini kwetu, mwanamke na mwanamume. Ukaja, ukapakia mmoja. Unakumbuka, au umeshasahau?"

Rubani aliacha kufuta mikono.

"Nakumbuka. Uwanja ulikuwa matope matupu. Ningepakia wawili tusingepaa, tungekufa sote."

"Basi yule uliyemwacha ni dada yangu! Ndiye aliyenilea tangu mama afe. Alikata roho kabla hujarudi, na mpaka leo hata kaburi lake sijaliona. Mama wa watoto watatu, Bwana Kilo! Na yule uliyempakia? Hana mke, hana mtoto, hana mbele wala nyuma. Kazi yake kula na kulala. Ulitumia mizani gani wewe?"

"Hasira hasara, mwanangu," mama wa kuku alisema, safari hii kwa upole.

"Hasara nimeshaipata, mama."

"Lakini mwache mgeni wa watu," mwingine alidakia kutoka nyuma. "Anajitolea yule, halipwi hata senti."

"Kwani nani alimwomba ajitolee kuchagua wa kufa?"

Karani aliinamisha macho kwenye kalamu yake. Mishipa ya shingo ilimsimama rubani, akakitupa kile kitambaa chini.

"Sikiliza wewe! Unadhani mimi nalala? Nilirudi alfajiri, na ningerudi usiku ule ule kama mvua ingeniachia. Halafu unaniambia nilichagua! Dada yako ndiye niliyempakia kwanza. Nilimfunga mkanda kwa mikono yangu hii. Akaufungua. Nikaufunga, akaufungua tena. Nikamkaripia, akanikaripia zaidi."

"Mwongo!"

"Mwongo nini? Alikaa mlangoni mwa ndege, miguu nje, akagoma kama unavyogoma wewe hapo. Nikamwambia, 'Mama, mvua inakuja, tunachelewa.' Akanionyesha yule aliyelala kwenye machela chini ya bawa, akasema, 'Mimi naongea, yeye haongei. Huondoki hapa mpaka umpakie mdogo wangu.'"

Kijana alijipapasa tumbo, pale pale penye mshono wa hospitali, akashuka kwenye mizani.